Baba, Ng'ombe Wanaonekana Kutoka Juu

Baba mpendwa,

Mwangaluka huko uliko. Katika Bariadi hii yote, kuanzia stendi mpaka mnadani, hakuna mwenye bahati kama mwanao. Nimepanda ndege ya jeshi! Siyo hizi za watalii. Ni ya pangaboi, kuukuu kama ile iliyokubeba ulipokuwa askari. Siku hizi wananiita Rubani, na mimi naitika.

Unakumbuka gulioni, siku ile ya kupima pamba? Ulisema ndege yenu ilipita juu ya Lagangabilili, ukawaona ng'ombe wa nyumbani, ukalitambua hata lile dume jeusi lenye baka jeupe mgongoni. Watu walicheka mpaka mizani ikasahaulika.

"Mzee, na hao ng'ombe walikuamkia?"

"Walinyanyua vichwa," ukajibu, umekunja uso.

Tangu hapo, kila uliposimama kusema kwenye kikao, hakukosa mmoja wa kunong'ona, "Huyo, wa ng'ombe wa angani." Hata msibani kwako nililisikia neno hilo, baba, nimeshika koleo mkononi. Liliniuma.

Sasa, kuna rubani mmoja mstaafu amefufua ndege ya zamani ya mafunzo ya jeshi. Ina kiti kimoja cha abiria, nyuma ya rubani. Ilipotua kiwanjani kwetu, akasema anataka kumrusha mtu wa familia ya askari wa zamani. Nikajitokeza na bereti yako kichwani, mama nyuma yangu na pochi yake. Nani mwingine angechaguliwa?

Ngoja nikupe ya huko juu. Kiti kigumu kama cha trekta. Harufu ya mafuta. Upepo unakukamua machozi. Mabati ya Bariadi yanametameta, halafu mashamba ya pamba, halafu kwetu: ua wa minyaa, zizi, ng'ombe wanatoka kunywa maji. Ni kizazi cha dume lako lile. Jike moja lina baka lilelile mgongoni, na linaonekana, baba! Linaonekana kabisa!

Hivyo ndivyo ninavyosimulia gulioni, na wale waliokucheka sasa wananisogezea kigoda.

Ila wewe sikuwezi, ungenitazama tu ukajua. Injini ilipounguruma, nilifumba macho. Nimekaa kwenye kile kiti, natetemeka, mama akanivuta shati.

"Shuka, ng'wanawane, unatikisa ndege ya watu."

Akanivua bereti, akaivaa juu ya kilemba, akapanda yeye. Yote niliyokueleza ni ya mdomoni mwake. Aliposhuka alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akanirudishia bereti.

"Baba yako hakuwa mwongo," akasema. "Walinyanyua vichwa."

Mwongo ni mimi, baba. Sikuruka.

Mwanao wa kwanza, yule wa maneno mengi