Saa Iliyopakwa Alizeti

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa Mrisho, dereva anayetupelekea mizigo, anaondoka na basi lake kwenda Dar na mimi sijui niweke nini kwenye mfuko wa mume wangu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nauza mafuta ya alizeti hapa Singida mjini, na mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kujaza upepo kwenye shirika moja la umma mpaka walipopunguza wafanyakazi, akaenda Unguja akapata kazi ya kujaza mitungi ya hewa ya Wazungu wanaozama kutazama samaki, wakamfundisha na yeye kuzama, sasa ndiye anayewaongoza kule chini. Huku ukisema mume wangu kazamia watu wanajua kajificha kwenye meli kaenda zake Ulaya, hata wifi yangu Anifa aliniambia mbele ya wateja, "Wazamiaji hawarudi, wifi, olewa tu." Nikacheka nao, lakini nilipofunga kibanda nililia.

Idi iliyopita alikuja siku nne, na alipoondoka akasahau saa yake ya kuzamia, ile kubwa ya mkononi inayomwambia yuko mita ngapi chini na apande lini. Akaandika niitume, nami, Mungu anisamehe, nikamjibu haionekani, kwa sababu nilijua atalazimika kuja kuitafuta, na tena nilikuwa nimegundua kitufe ambacho ukikibonyeza zinatokea mbizi zake zote, siku hii mita kumi na nane dakika arobaini, siku ile mita ishirini na mbili, na barua zake ni fupi, hujambo, sijambo, wasalimie, lakini ile saa ilinisimulia kila siku yake, nikawa nakula nayo mezani.

Baada ya miezi miwili kioo kikafifia kikazimika. Nikaipeleka kwa Shamte fundi saa, akaigeuzageuza akasema, "Dada, hii siyo saa, huu ni mtambo, mimi siufungui," ila betri akaniuzia. Nikaifungua mwenyewe, kifuniko cha nyuma kina mfereji unaoingia sarafu, ndani nikakuta kipira cheusi chembamba kama tambi, nikaona kimekauka, nikakifuta kwa pindo la khanga nikakipaka alizeti, maana sisi huku mlango ukilia ni alizeti, cherehani ikikaza ni alizeti, kikawa kama kimenenepa, nikakisukumiza kwa njiti ya kibiriti nikafunga. Kioo kikawaka, lakini mbizi zake zote zimefutika, mshauri, hakuna hata moja, nikakaa chini sakafuni.

Ili nijue kama haipitishi maji nikaenda ziwa Singidani, nikaifunga kamba nikaishusha pembeni ya jiwe, ikaamka yenyewe ikaanza kuhesabu. Nilipoipandisha ilikuwa imeandika mbizi moja tu, mita mbili, ya kwangu. Kesho yake nikaona jasho kidogo ndani ya kioo, nikaianika juani likakauka. Sasa kaandika tena, msimu wa wageni umefika, na saa aliyoazima mwenye nayo anaitaka, nitafute yake vizuri nimpe Mrisho. Inawaka vizuri kabisa. Je, niitume nikae kimya, au niseme bado haionekani, maana nikisema ukweli atajua mimi ni mwongo, na nitabaki hivi hivi nilivyo?

Mke wa Mzamiaji, Singida

---

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikatamani nikuvute sikio.

Tuanze na sikio. Hilo unaloliita jasho ni maji ya ziwa, na yameingia kwa mita mbili tu. Mumeo anashuka ishirini na zaidi, na huko maji yanasukuma kwa nguvu ambayo kamba yako haikufika kuijua. Nimemuuliza mtu anayezama kwa kazi, naye hakucheka. Kasema kipira hicho hubadilishwa, kinawekwa kipya, kinapakwa grisi yake maalumu kidogo sana, na uzi mmoja wa khanga ukinasa hapo unatosha kupitisha maji. Kisha chombo kinapimwa kwa mashine kabla ya mtu kukiamini. Alizeti yako ni nzuri kwa maandazi, iache huko huko.

Unajua kazi ya saa ile? Mtu akikaa chini muda mrefu akapanda haraka, hewa inageuka mapovu ndani ya damu yake. Anaweza kupooza, anaweza kufa. Saa ndiyo inayomwambia panda, subiri, panda. Ikimdanganya kule chini na wewe umekaa kimya Singida, utakuwa mjane, na sababu utaijua peke yako. Nimesema kwa ukali kwa makusudi.

Kwa upweke wako sikusuti. Najua mtu anafikia wapi mpaka anakula na saa mezani. Lakini unalalamika barua zake fupi, zako je? Umewahi kumwandikia kwamba wifi yako alikuaibisha mbele ya wateja ukalia? Mnaandikiana hujambo sijambo wote wawili, halafu wewe ukaanza kumtega mumeo kwa saa badala ya kumwita.

Basi, leo hii, si Ijumaa, nenda posta ukampigie simu kazini kwake. Mwambie saa unayo, uliificha, umeifungua, imeingia maji, na akodi nyingine. Akikosa ya kukodi, asizame. Atafoka, mwache afoke, mwenye kufoka yu hai. Chombo usikifungue tena, na kioo kibandike karatasi uandike kwa herufi kubwa: IMEINGIA MAJI.

Na mfuko usimpe Mrisho. Panda mwenyewe hilo basi, ukifika Dar upande boti. Kibanda mwachie Anifa, na watu wakimuuliza uko wapi, aseme umezamia.

Ile mbizi ya mita mbili usihangaike kuifuta. Atabonyeza kitufe, ataikuta, atakuuliza ni nani aliyezama siku hiyo. Mwambie, "Ni mimi. Nilikuwa nakutafuta."