Nimetumia Jina la Tekla Kujivutia Wageni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana jambo hili limenielemea.

Nina nyumba ya wageni hapa Mlabani, Ifakara, na nina tovuti, lakini mtu akitafuta malazi Google nilikuwa sionekani, anaonekana Tekla, jirani yangu ninayeimba naye kwaya, basi nikampa kazi fundi wa tovuti anaitwa Viktor, akaniambia, "Dada Digna, niachie mimi, mwezi huu huu wewe utakuwa wa kwanza," na kweli nikawa wa kwanza, simu haziishi, wala sikumuuliza amefanyaje, hadi Jumanne alipofika mzee Mashimba kutoka Kidatu na mkewe anayetumia kiti cha magurudumu, wamekuja kliniki, akasema, "Tulitafuta kwa Tekla, pasipo na ngazi, simu ikatuleta hapa," nami nina ngazi kumi na mbili, yule mama akaziangalia tu, nikawapeleka kwa Tekla na kumdanganya kwamba nimejaa, akanishukuru mbele yao mpaka nikatamani kuzama, ndipo nikambana Viktor, akakiri kwamba amejaza jina la Tekla kwenye kurasa zangu kwa maandishi yaliyofichwa, na maoni ya kunisifu ameyatunga mwenyewe. Nimeazimia kuyafuta, lakini Viktor anasema nitapotea kabisa mtandaoni. Na Tekla je, nimwambie?

Digna, Mlabani

Digna,

Aibu uliyoiona ni dalili nzuri. Ila usimtwishe Viktor mzigo wote. Simu zilipoanza kuita ukaacha kuuliza, ulikuwa umeshakubali.

Futa leo. Jina la Tekla, maoni ya kutunga, yote. Viktor akigoma, badilisha nywila, tafuta fundi mwingine. Utashuka, sikufichi, lakini Google wakigundua ujanja huo wanaweza kukuondoa kabisa, na hutakuwa na wa kumlalamikia. Kisha andika kilichopo kwako: picha za vyumba vyako, umbali kutoka stendi, namba inayopokelewa, na hizo ngazi uzitaje waziwazi. Wageni wanaokwenda kuona maporomoko ya Sanje huuliza mabasi yanaondoka saa ngapi. Wewe unajua, waandikie. Waliolala kwako kweli waombe waseme walichokiona, hata kama ni kibaya, na usiwahonge.

Tekla mwambie ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Usiseme "Viktor alifanya." Sema "nilifanya." Akikasirika, mwache akasirike, ana haki hiyo. Wewe sema yote, kisha nyamaza.