Kilometa Zilizopungua kwenye Fuso Letu

Baba Neema,

Nilikuwa nimejiandaa kuja kumchongea mdogo wako kwako. Sasa najikuta najichongea mwenyewe.

Tangu tukuzike, fuso letu analiendesha Elia. Tulikubaliana hapa nyumbani Sokon One, mbele ya mama yako, na mimi nilikubali kwa mdomo. Moyoni unanijua. Ulikuwa unasema ningekuwa polisi, nchi nzima ingelala milango wazi. Lakini yule dereva wetu wa kwanza aliyekuwa anafyonza dizeli, nani alimkamata? Si mimi, kwa kunusa shati lake! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi Elia akafunga matairi makubwa kuliko yale yako. Alisema mvua zimeharibu njia za mashambani huko mlimani, tumbo la gari linakwaruza akipandisha mbolea na kushusha viazi. Sawa. Lakini kuanzia hapo mambo yakaanza kunuka. Njia ni ile ile, mashambani, sokoni Ngaramtoni, halafu Makumira, na kilometa kwenye dashibodi zinakuja pungufu. Dizeli nayo inazidi. Niambie wewe, gari gani linatembea kidogo na kunywa zaidi?

Nilimuuliza. Akasema spidomita inahesabu mizunguko tu, haioni barabara. Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kilometa zinaonekana chache, na mshale wa spidi unaonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Nikacheka. Nilijua maelezo ya mwizi huwa marefu.

Halafu ile milima. Pale ulipokuwa unapanda kwa gia ya tatu huku unapiga mluzi, yeye gari linamzimikia, anarudi ya pili, injini inalia mpaka watu wanatoka nje kutazama. Wewe ulikuwa unaniambia, "Gari halipandi kwa hasira." Elia akasema ni matairi hayo hayo, gia zote zimekuwa nzito, ya tatu sasa ni kama ya nne. Matairi tena! Nikaona analiua gari makusudi, lionekane kuukuu, aje alinunue kwa bei ya chuma chakavu. Nilimwazia hivyo mtu uliyemlea kwa mikono yako. Nikauita ukoo waje Jumapili baada ya ibada, nimnyang'anye ufunguo mbele yao.

Ila nilitaka ushahidi. Nikamwambia Elia anipe lifti nikamwone Neema chuoni Makumira. Neema mwenyewe hakuwa na habari. Nikapanda Ngaramtoni, nikakaa kwenye kiti changu kile, macho kwenye mshale kama paka kwenye shimo la panya. Tulipoingia kwenye kibao cha hamsini kabla ya Makumira, mshale ulikaa juu ya hamsini, haukuzidi hata unywele. Mbele kidogo trafiki akatusimamisha. Tumepigwa tochi ya kupima mwendo, tumezidisha.

Nilishuka kabla ya Elia. "Shikamoo, mama," akasema yule kijana. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya ugomvi, nikamwambia tochi yake ni mbovu, mshale nimeutazama mwenyewe na hamsini haikuvukwa. Akanionyesha namba. Ilikuwa imevukwa. Nikamshuku na yeye.

Elia hakubishana. Alilipa faini kutoka mfukoni mwake, tukashusha viazi, tukageuza. Njiani nikaanza kutazama zile nguzo za kilometa pembeni mwa barabara. Kila nguzo ilipopita, dashibodi ilikuwa bado haijatimiza kilometa. Nguzo ya kwanza nilisema nimekosea. Ya pili pia. Ya tatu nikaamini, maana nguzo hazina sababu ya kumtetea Elia.

Tulipofika nyumbani akaweka ufunguo mezani. Hakupandisha sauti. "Shemeji, hukwenda Makumira kumwona Neema," akasema. "Mimi pale siku zote huwa nauweka mshale chini ya hamsini, kwa sababu najua mshale huo unadanganya. Leo niliuacha ufike hamsini ili uone mwenyewe. Sasa tafuta dereva utakayemwamini."

Akaondoka kwa miguu. Fuso limesimama uani tangu siku ile. Nikimpigia hapokei. Naumia, Baba Neema. Elia anakohoa kidogo kabla ya kusema neno, vile vile kama wewe, na nyumba hii ilikuwa bado haijanyamaza kabisa kwa sababu yake.

Kesho ndiyo Jumapili. Ukoo wanakuja na wanajua nina neno. Nitalisema, kwamba nilimdhania mwizi na hakuiba hata tone. Naogopa, lakini nitalisema na yeye awepo, hata ikibidi nikamfuate kwake kabla ya kengele ya kanisa.

Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kushuku watu, ungenicheka huko uliko. Lala, mume wangu. Ninachokuahidi ni hiki: akikubali kurudi nitampa ufunguo kwa mikono miwili, na sitapanda tena kwenye kile kiti mpaka aniite mwenyewe.

Mkeo,
Mama Neema