Mguu Wako na Maji ya Ghuba

Heru Juu,
Kasulu.
3 Juni 2025.

Mdogo wangu Bazilio,

Binti yangu amekatwa panga kwa ajili ya mguu wako, na bibi uliyemwita mchawi bado yu hai. Nisingeweza kusalimia kabla ya kulitoa hilo.

Sasa hujambo? Kidonda kinakauka? Sisi wazima, maharage tumeshayavuna.

Ulipompigia binamu yetu Nsabimana kutoka Tanga, ukamwambia nyama ya mguu inaoza na aliyekuroga ni Mama Ndayikunda, yule mjane tuliyegombana naye mpaka wa shamba, ulimpa kazi. Jumapili walimfuata watu kama ishirini, wengine bado na nguo za ibada. Mbuzi wake wawili waliwachinja mlangoni, damu ikaingia ndani. Jiko wakalichoma. Mlango ukavunjwa kwa mawe, mwenyewe yuko chini ya kitanda.

Niyonsaba wangu alikuwa likizo. Unajua anapima maji maabara, huko huko Tanga. Cheti chake nimekitundika sebuleni, kila mgeni lazima akitazame. Alisimama mlangoni kwa bibi akasema, "Mjomba alikatwa na ganda la chaza, akaendelea kutembea na kidonda kwenye maji ya ghuba. Wakati wa joto maji yale yana bakteria wanaokula nyama. Tumewapima wenyewe. Mnayemtafuta yuko baharini."

Nsabimana akamjibu, "Wewe umesomea kunusa maji, uchawi utaujulia wapi?" Akalishusha panga kwa bibi. Niyonsaba akaweka mkono.

Mfupa ulionekana, Bazilio. Nyuzi kumi na nne, na hakulia. Mimi nilikuwa na mchi wa kinu, nikampiga Nsabimana begani mpaka panga likaanguka. Yuko mahabusu, bega limeshuka. Padri nimemwambia najuta kidogo.

Bibi analala kwangu. Wenzake Nsabimana wamesema mwisho wa mwezi ukimkuta hapa watammaliza. Mimi hawanisikii, wanasema namtetea mwanangu. Wewe uliyemtaja ndiye wa kumtoa. Njoo, hata kwa magongo, na ile karatasi ya daktari wako.

Nimeshalowesha mtama wa pombe. Maji Niyonsaba atayachemsha mwenyewe. Mtungi mmoja, mirija miwili, wako na wa Mama Ndayikunda, uwanjani kwake, watu wote wakitazama. Hakuna anayekunywa mtungi mmoja na mchawi wake.

Wasalimie wifi yangu Mwamvua na mwanenu Shamsi. Mungu aliyekuachia mguu akuongoze njiani.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata nikikasirika,
Mama Niyonsaba.

Jumamosi tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi, kwa Mama Ndayikunda. Nimeshawaambia wote kwamba utakuja.