Sakafu ya Mbao za Mlimani

Mwembesongo, Morogoro

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, si kitandani, maana mdogo wangu Felisi ameniandikia kwamba kifua kimekurudia. Ile dawa ya zahanati unainywa kweli, au unaimwaga nyuma ya jiko? Mimi ni mzima, ila magoti.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kucheza, mpaka mtu mzima alipwe mshahara. Mama, ni kazi. Tulianza watu kumi na mmoja katika ghala la zamani la mkonge huku Kihonda. Mwalimu wetu, mama wa Kibulgaria, anatufundisha bale, yaani kunyoosha mwili na kuruka mpaka mtu aonekane hana uzito. Sisi tunaichanganya na ngoma za kwetu. Sasa tuko thelathini, na mji mzima unatujua. Lakini sakafu ilikuwa ya saruji, na kuruka juu ya saruji kutwa ni kujivunja mwenyewe. Wenzetu wawili waliacha kazi wakichechemea.

Ndipo kiongozi wetu, Ndugu Kibwana, akapata mbao kutoka milima ya Uluguru. Tulizipigilia wenyewe huku tukiimba.

Siku ya kwanza tuliruka wote, tukatua, tukasimama. Sakafu ikalia tena. Pu! Mara moja tu, kwa wepesi, kama kuna mtu aliyechelewa.

"Nani huyo?" mwalimu akafoka.

Hakuna aliyekuwa amejitikisa.

Tukasema mbao mbichi hulia. Lakini ikawa kila siku, na kila siku kule kuchelewa kukapungua, kana kwamba kuna anayejifunza. Mama Melania, Mluguru anayetupikia, alipoingia mara ya kwanza alivua viatu.

"Hizi ni za msitu wa ukoo wetu," akaniambia. "Pale hapakatwi mti."

Ndugu Kibwana akamsikia. "Mama, watu wanajenga nchi, wewe unatuletea mizimu!"

Wiki hiyohiyo Zuhura, binti wa Gairo aliyekuwa akiruka kutushinda sote, aliruka asubuhi, jua limejaa madirishani. Akashuka. Mama, hapakuwa na sauti hata kidogo. Akabaki amesimama, anatazama nyayo zake.

"Sikutua," akasema. "Nimedakwa. Vikono vidogo vidogo, vingi, chini ya nyayo."

Akafunga mzigo wake, akapanda basi kwenda kwao. Hajarudi.

Zilibaki siku kumi tufanye onyesho la kufungua ukumbi. Wengine walitaka mbao zing'olewe turudi kwenye saruji. Kwa magoti haya, mimi nisingedumu mwezi. Jumapili nikamwomba Mama Melania anipeleke kwao. Tulipanda mlima, ukungu ukatufunika mpaka nikawa sioni nakanyaga wapi. Tukamkuta mama yake mkubwa, ndiye mkubwa wa ukoo, anapalilia kabichi. Aliitikia shikamoo yangu bila kuacha jembe.

"Ni nyie mnaocheza juu yao?"

"Juu ya nani, bibi?"

"Pale tulizika watoto, mwaka wa njaa. Watoto watupu." Akainuka. "Mti uliokatwa haurudi shinani. Mbao ziacheni. Ila mnawaamsha, mnacheza nao, kisha mnafunga mlango mnakwenda zenu. Mtoto hafanyiwi hivyo. Mkimaliza, walazeni."

"Tuwalazeje?"

"Kwani wewe hujapata kulaza mtoto?"

Mama, niliketi palepale kwenye tuta. Unajua kwa nini. Mwanangu aliishi siku tatu, na siku zote tatu mimi nilikuwa siijui dunia kwa homa. Sikumpakata. Nilipopata nafuu nikaondoka huko nyumbani Rombo, wala sikwenda kuliona kaburi lake nyuma ya migomba.

Tangu hapo, mazoezi yakiisha nabaki peke yangu. Navua viatu, naketi katikati ya sakafu, naimba ule wimbo uliokuwa ukitulazia. Mwanzoni mbao zinalia huku na kule, halafu mlio unanisogelea. Ukifika magotini, unatulia. Ndugu Kibwana alinikuta siku moja. Kesho yake alivua viatu mlangoni. Onyesho tukalifanya, watu wakajaa mpaka madirishani.

Juzi nilimaliza wimbo nikataka kuinuka, pindo la kanga yangu likawa limeshikwa. Ukumbini nilikuwa peke yangu. Sikulivuta. Niliketi, nikaimba tena mpaka likaachiwa.

Nisalimie baba mdogo na kahawa zake, dada Paskalina mkunga, na Felisi, umwambie asiache shule.

Halafu, Mama, nenda nyuma ya migomba, ukamwimbie mwanangu mara moja kwa ajili yangu. Na ukijibu, niandikie padri alimbatiza jina gani. Sikuwahi kuuliza.

Ni mimi mwanao,
Ludovika