Nguruwe Mwenye Ladha ya Chuma

Jumapili, 4 Juni 2023
Nguruwe wa leo alikuwa na ladha ya msumari. Nikatema kwenye karatasi. Sitiveni, mhubiri wetu na mkubwa wa nyumba hii ya sisi vibarua wa Tonga, aliona! Kalolo, mwenzetu wa chumbani, akaanza: nyama huli, ovataimu ya Jumamosi huendi, unalala tu — sema basi, bwana, umekuwa Msabato! Wote wakacheka. Sitiveni hakucheka.
Nimechoka tu. Machinjio haya ya ugenini yananimaliza.

Jumatano, 7 Juni
Utani umevuka bahari. Mke wangu Melenaite kausikia huko Tonga, kwa mke wa Kalolo. Baba wa Melenaite ni mzee wa kanisa letu la Methodisti, eti yeye atamtazama vipi usoni? Nikasema sijahama kanisa. Basi kula nyama, wakuone, akasema. Akakata simu.
Nimekula. Kopo zima la nyama, mbele yao. Nikaenda kutapika nyuma ya nyumba. Chai nayo ina chuma. Hata mate yangu. Nani kanifanyia hivi? Naogopa.

Jumatatu, 12 Juni
Nimeanguka kazini, kisu mkononi. Namshukuru Mungu, sikumkata mtu. Kliniki wamechukua damu.

Ijumaa, 16 Juni
Majibu. Figo! Hazichuji vizuri, uchafu unabaki kwenye damu, ndio unaoharibu ladha mdomoni. Presha ya miaka mingi, na mimi sikuwahi kupima. Daktari anasema mashine ya kusafisha damu bado, tuanze na vidonge, chumvi nipunguze. Ladha huenda ikarudi.
Ningelia. Nikacheka! Sijarogwa. Sina wazimu. Ni figo!
Sitiveni aliketi kitandani pangu. Kisha akasema: ndugu yangu, nimekuombea utubu, kumbe ningekupeleka hospitali. Kalolo akauliza fungu langu la nguruwe sasa apewe nani. Mpeni mwenye mdomo mkubwa, nikamjibu.

Jumapili, 18 Juni
Leo Melenaite kapokea simu. Nimemweleza yote, hadi kutapika. Kalia. Halafu kacheka: afadhali figo kuliko kugombana na baba!
Nikalala chali, mwepesi. Sijui lini nilijisikia hivi.
Kisha akauliza, figo zangu zikishindwa kabisa, yake moja itanifaa? Ninazo mbili, akasema, kama anayegawa viazi. Mtandao ukakatika.
Anapiga tena. Simu inatikisika hapa juu ya godoro —