Mlango Uliong'aa Kupita Yote

Mjukuu wangu Atupele,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mbalizi viazi tumevuna, na goti la bibi yako limetulia. Unauliza kama uunyooshe mlango uliobonyea kabla hujaliuza gari lako. Huyo fundi wa Iringa anayekuhimiza upige rangi, muulize kwanza kama atalinunua yeye.

Nilipokuwa kijana niligonga nguzo ya lango letu kwa pikapu yangu, mlango mmoja ukabonyea, nami nilitaka kuiuza. Nikaupeleka mlango kwa fundi, ukapigwa rangi ukang'aa kuliko milango mingine. Akaja mnunuzi, mfugaji wa Usangu. Alilizunguka gari kama anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akatoa sumaku mfukoni akaibandika mlangoni. Ikaanguka, maana chini ya rangi kulikuwa na puti nene ya kuzibia mbonyeo, na sumaku hunasa chuma, hainasi puti.

"Ng'ombe akiogeshwa upande mmoja," akasema, "mimi naangalia upande huohuo."

Nikamwapia kwamba ilikuwa nguzo tu.

"Sasa nguzo ndiyo unaificha hivi?"

Akaenda zake. Nilikasirika mno. Lakini jioni ile bibi yako alinikuta nimechuchumaa kando ya pikapu yangu mwenyewe, natafuta ajali ambayo haikuwahi kutokea.

Babu yako